Mkaguzi Asiyejua Heshima ya Ukwe

Mimi na mume wangu hatujawahi kugombana kwa sababu ya ndugu, wala shamba, wala chumvi iliyozidi kwenye mboga. Tunachogombania ni namba. Afadhali zingekuwa namba za pesa, watu wangetuelewa. Hizi ni namba zinazokaa ndani ya kompyuta bila kumsumbua mtu, na jirani akituuliza ni za nini hatuna jibu fupi la kumpa.

Sote wawili kazi yetu ni kuandika programu. Tumepanga chumba kimoja juu ya bucha, hapa mjini Meru. Mwenye bucha ni mzee Mwislamu mwenye sauti ya chini na masikio makali, na kila tunachosema humfikia kupitia dari. Siku moja tulizozana mpaka akapanda ngazi akiwa na maini yamefungwa kwenye gazeti. Akatuambia tule kwanza, halafu tusameheane, kwa sababu ndoa changa ni kuvumiliana. Mume wangu alimshukuru kwa adabu zote. Hakuthubutu kumwambia kwamba tulikuwa tukizozana juu ya sifuri.

Hebu nieleze, halafu tuendelee. Mwandishi wa programu huteleza kila siku, na mara nyingi hajioni. Kwa hiyo tunayo programu nyingine ambayo kazi yake ni kusoma tulichoandika kabla hakijapelekwa popote, na kutuonyesha tulipoteleza. Sisi tunaiita mkaguzi. Mkaguzi huyu ana sauti mbili. Ya kwanza ni onyo, mstari wa manjano: hapa sijapapenda, lakini endeleeni. Ya pili ni kosa, mstari mwekundu, na hapo hakuna kwenda popote mpaka utengeneze. Sasa, ni sisi wenyewe tunaomwambia jambo gani alitolee onyo na jambo gani aliite kosa. Hapo ndipo moto unapowaka nyumbani kwetu.

Ndani ya kompyuta, kila namba hukaa mahali palipopangiwa aina yake. Kuna aina yenye ishara, inayojua kwamba chini ya sifuri kuna namba nyingine, kutoa moja, kutoa mbili, na kuendelea. Kuna nyingine isiyo na ishara. Kwa hii ya pili, dunia inaanza kwenye sifuri na kupanda tu. Ukiipa namba iliyo chini ya sifuri, haizimii wala hailalamiki. Inaigeuza kuwa namba kubwa ajabu na kukurudishia bila kupepesa macho. Ndiyo maana mkaguzi akikuona umechanganya aina hizi mbili, unalinganisha ya huku na ya kule kana kwamba ni kitu kimoja, hupiga kelele. Swali letu ni hilo tu: kelele hiyo iwe ya manjano au nyekundu?

Mimi nasema nyekundu, kila mahali, bila huruma. Mume wangu anasema manjano, na hata hiyo manjano iwe imepauka.

Itabidi nimsengenye kidogo ili mnielewe. Mume wangu ni mtu wa Ishiara, kule chini Mbeere, na kwao baridi ni ile siku unapofunga kifungo cha juu cha shati. Mimi nimezaliwa Kibirichia, huku juu ambako tulikuwa tukienda shule na viazi vya moto mfukoni, vya kupasha mikono kwanza na kula baadaye. Alipokuja kwetu mara ya kwanza alivaa sweta mbili na bado meno yaligongana. Ndugu zangu walimwonea huruma wakampa nafasi ya karibu na moto, naye akakaa hapo mpaka suruali ikaanza kunuka moshi.

Hata hivyo lazima nimtendee haki, kwa maana hoja zake si za kipuuzi. Anasema vitu vingi tunavyohesabu haviwezi kushuka chini ya sifuri hata ukivilazimisha. Hakuna darasa lenye wanafunzi wachache kuliko sifuri. Lakini mkaguzi hajui darasa ni nini, kwa hiyo akiwa mkali atapiga kelele hata pale. Akipiga kelele kutwa nzima, utamzoea kama mtu aliyepanga karibu na kinu cha kusaga mahindi, na siku atakaposema la maana hutamsikia. Tena, anasema, ukimkaba mtu kwa nyekundu hatatengeneza kitu. Ataandika neno moja la kulazimisha aina hii ijifanye ile, mkaguzi atanyamaza, na kosa litabaki palepale, sasa likiwa limevaa tai. Akifika hapo hunitazama kwa jicho la kando, kwa sababu programu zangu amezisoma.

Basi tukapatana. Kazi yangu, sheria zangu. Kazi yake, zake. Kwa muda tukakaa kwa amani, na mzee wa bucha akaacha kutuletea maini, jambo ambalo mume wangu alilisikitikia.

Halafu ikaja habari ya viazi vya mama.

Mama yangu analima viazi kwenye mteremko nyuma ya nyumba, kulekule Kibirichia. Hana viazi vya kubabaisha. Ana mbegu moja aliyoletewa na marehemu baba walipokuwa wangali vijana, kiazi chenye ngozi nyekundu na macho machache, ambacho siku hizi hukipati sokoni hata ukizunguka mpaka Embu. Kila mavuno huteua vya kupanda kwa mkono wake, kimoja kimoja, anavigeuzageuza kama anayetafuta uso wa mtu. Msimu uliotangulia, sakitu ilikuwa imemwingilia shambani. Sakitu ni ile baridi nyeupe inayolala juu ya majani alfajiri, na jua likitoka majani yote huwa yameungua. Mbegu iliyosalia ilitosha mteremko ule mmoja, basi. Aliipanda yote. Ikifa hiyo, kiazi cha baba kimekwisha duniani.

Dawa ya sakitu ni maji. Ukiyafungulia kwenye mipira ya kunyunyizia, yakawa yanamwagikia majani mpaka jua lipashe, viazi vinapona. Ila maji yale ni ya mradi wa kijiji na kila mtu anayasubiri, kwa hiyo huwezi kuyaacha yakimwagika ovyo. Lazima ujue baridi imefika lini na imeondoka lini. Mama alikuwa na beseni la maji aliloliweka nje, karibu na mlango wa jikoni. Alikuwa akiamka, analigusa, na akikuta uso wa maji umeanza kushikana anakwenda kufungua bomba. Lakini magoti yake sasa yanamsumbua, na kuamka kila mara kwenda kugusa beseni kulikuwa kunammaliza.

Mume wangu aliposikia hayo alikosa raha. Alimpenda mama, ila hakuwa na njia ya kumwambia. Kwetu kuna nthoni, heshima ya ukwe, na mama yangu anaishika kama alivyofundishwa na bibi. Mkwe haingii jikoni kwa mama wa mkewe. Hamshiki mkono. Hawatazamani usoni, wala hawazungumzi moja kwa moja mpaka nyumba hizo mbili zizoeane vya kutosha, na kuzoeana huko hakuna aliyekupimia. Kwa Wambeere nako ni hivyohivyo, kwa hiyo nilikuwa nimepatikana pande zote mbili. Tukienda kumtembelea, mume wangu husimama karibu na lango, mama mlangoni pa jikoni, na mimi katikati. Mwambie mama viazi vimependeza. Mwambie mkwe ni Mungu. Mwambie mama tumeleta sukari. Mwambie mkwe asingejisumbua. Kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri kabisa, lakini neno lazima lipite kwangu, na nikijaribu kunyamaza nile ndizi yangu, wote wawili hunitolea macho.

Kwa hiyo mume wangu aliamua kusema kwa mashine alichoshindwa kusema kwa mdomo. Alitengeneza kijiti cha chuma cha kuchomeka kati ya mimea, waya mrefu wa kupita kando ya ua, na kisanduku cha kuwekwa jikoni chenye kioo cha namba na kengele. Namba ya baridi shambani ikishuka karibu na sifuri, kengele ilie. Ikipanda tena, kengele inyamaze. Programu ya ndani aliiandika mwenyewe, kwa sheria zake.

Na mkaguzi akampa onyo. Niliuona mstari wa manjano kwa macho yangu, nikiwa nimesimama nyuma yake na kikombe cha chai. Alikuwa ameiweka namba ya baridi kwenye aina isiyo na ishara, halafu akailinganisha na nyingine yenye ishara. Nikamwambia hapo pana shida. Akaniambia mkaguzi ananung'unika tu, ndiyo tabia yake. Nikamwambia Kibirichia baridi inashuka chini ya sifuri. Akageuza kiti akanieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto: kengele inaanza kulia kabla ya sifuri. Ili baridi ifike chini ya sifuri lazima ipite hapo kwanza. Kwa hiyo ikifika huko, kengele itakuwa imeshalia zamani. Sasa shida iko wapi?

Niliikosa shida, wallahi. Nilijua ipo, lakini sikuweza kuitia kidole, na kazi ilikuwa yake. Nikaimaliza chai yangu.

Akaenda kuijaribu kwao Ishiara. Mkiniuliza kwa nini mtu apeleke kipima baridi kukijaribu Ishiara, nami nitawaambia ni kwa sababu mama yake alikuwa amechinja kuku. Alipata kikombe cha barafu kwa muuza soda, akachomeka kijiti ndani, na kengele ikalia mpaka wateja wakatoka nje kuangalia. Barafu ya kwenye kikombe, ikianza kuyeyuka kwa jua la Ishiara, haishuki chini ya sifuri hata ukiibembeleza. Alirudi Meru akiwa amejaa furaha. Tukapanda Kibirichia, tukaifunga ile mashine, yeye shambani na mimi jikoni, na pale kati ya lango na jikoni nikapitisha maneno. Mwambie mama, kengele ikilia afungue maji. Ikinyamaza, afunge, baridi imekwisha. Mama akaitikia kwa kichwa, uso ameuelekeza kwenye zizi la mbuzi. Mwambie mkwe nimesikia, na Mungu ambariki.

Haikupita wiki, mama akanipigia simu asubuhi. Akasema baridi ilikuja, na mashine ya mkwe ni nzuri sana. Inalia, halafu inapumzika. Ina adabu, akasema, haipigii mtu kelele mpaka asubuhi. Nilimweleza mume wangu, naye siku hiyo alitembea mjini kama diwani aliyechaguliwa juzi. Alimsimulia hata mzee wa bucha. Alisema hata mkaguzi angekuwa na macho angeona haya.

Jumamosi nikaenda kumtembelea mama peke yangu. Kuna kitu kilinishangaza tangu nilipofika. Kwa kawaida mama hunipeleka shambani kabla sijaweka mkoba chini. Siku hiyo alinikalisha. Akanipa chai, akanipa mukimo wa ndizi na mahindi yaliyopondwa, akanipa chai nyingine, akaniuliza habari za watu ambao hata hawapendi. Mwishowe akaniwekea maharagwe niyachambue, yakiwa kwenye beseni. Nililitambua lile beseni, lina ufa ukingoni. Nikamuuliza mbona liko ndani. Akasema halina kazi tena huko nje. Mkwe akishasema neno lake kwa mashine, kuweka beseni pembeni ni sawa na kumwambia unamtafutia shahidi.

Nikaweka maharagwe chini, nikatoka kwenda shambani bila kuaga.

Nusu ya chini ya mteremko ilikuwa nyeusi. Majani yalikuwa yamelala, yakinuka kama mboga iliyochemshwa ikasahauliwa sufuriani. Nusu ya juu, ambako baridi haikai sana, ilikuwa bado imesimama, ya kijani, kana kwamba haijui jirani yake amepatwa na nini. Mama alinifuata polepole na magoti yake, akasimama nyuma yangu.

Nikamwomba anieleze ilivyokuwa, mwanzo hadi mwisho. Akasema kengele ililia, naye akaenda akafungua maji. Yakamwagika muda kidogo. Halafu kengele ikanyamaza, akarudi akafunga. Nikamuuliza kama baridi ilikuwa kweli imekwisha wakati ule. Akasema nyasi zilikuwa zikivunjikavunjika chini ya gambuti zake.

"Na ukafunga, mama?"

"Mkwe alisema ikinyamaza nifunge," akasema. "Mimi ningeanzia wapi kumwambia mtoto wa watu kwamba mashine yake haijui baridi?"

Hapo ndipo nilipoitia ile shida kidole. Kengele ililia baridi ilipokaribia sifuri, kama alivyosema mume wangu. Kisha baridi ikashuka chini ya sifuri, na ile aina ya namba isiyojua huko ikaigeuza kuwa namba kubwa. Mashine ikaona joto la ajabu, ikaridhika, ikanyamaza. Yaani ilinyamaza kwa sababu baridi ilizidi. Nikamuuliza mama kioo kiliandika nini. Akasema kiliandika namba ndefu, na kwamba alidhani ni namba ya simu ya mkwe, amewekewa ili akipata shida ampigie. Hakumpigia kwa sababu si adabu.

Nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka mpaka nikaketi kwenye tuta, na nilipokaa ndipo kilio kikaja. Mama akanipa ncha ya leso yake. Nilimwambia nitamweleza mume wangu leo leo. Akanishika mkono akaniapisha nisimwambie. Alitengeneza kile kitu kwa moyo wake wote, akasema, na mtu akikupa moyo wake humrudishii ukimwonyesha ufa. Nikamwomba basi angalau arudishe beseni nje, maana baridi bado ipo na nusu ya mbegu ingali hai. Akakataa. Alichosema mkwe kitabaki kilivyo mpaka mkwe mwenyewe aseme vingine. Mama yangu haambiliki, na ukweli ni kwamba sura yake ya ukaidi ninayo mimi pia, kwa hiyo nilijua nimeshindwa.

Nilirudi Meru roho juu juu. Baridi ingeweza kurudi kesho yake, na mama angefunga maji kwa heshima, na kiazi cha baba kingeishia hapo. Nikimwambia mume wangu, nimevunja kiapo. Nisipomwambia, nimekizika kiazi. Watu wawili wanaoheshimiana hivi, nilijiambia, wataniua. Katika jamaa yetu nzima hapakuwa na hata mmoja ambaye angeweza kumwambia mume wangu usoni kwamba amekosea bila kuonekana hana malezi.

Halafu nikakumbuka kwamba yupo mmoja. Hana ukoo, hajawahi kula ndizi ya mtu, na nthoni haijui.

Mume wangu alikuwa ametoka kununua mkate. Nikaiwasha kompyuta yake, nikafungua ile programu ya kengele, nikaenda mahali ambapo mkaguzi anapangiwa sheria zake. Nilibadilisha neno moja tu. Pale palipoandikwa onyo, nikaandika kosa. Mstari wa manjano ukawa mwekundu, nikauacha wazi mbele ya kiti chake. Halafu nikashuka kwenye bucha nikasimama kwenye foleni, ingawa sikuhitaji nyama.

Nilimsikia akipanda ngazi. Nikasikia kiti. Nikasikia kimya, kirefu, na mzee wa bucha akasikia pia, maana aliacha kunoa kisu. Halafu mume wangu akashuka. Hakuwa amekasirika kwamba nimegusa kazi yake, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuja akasimama karibu nami, akasema kwa sauti ya chini.

"Ilinyamaza, sivyo? Ilipofika chini ya sifuri, ilinyamaza."

Nikamwambia nimeapa, kwa hiyo asiniulize. Akaniuliza kama mbegu yote imekufa. Nikatazama dari. Akasema basi nitingishe kichwa tu, na nikatingisha kwamba siyo yote. Alifunika uso kwa viganja vyake hapo mbele ya watu. Mzee wa bucha, bila kuuliza neno, akaanza kutukatia maini.

Alifanya kazi jioni hiyo nzima na hakutaka nimsaidie. Akaiweka namba ya baridi kwenye aina inayojua chini ya sifuri. Halafu akaongeza jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria. Mashine ikisoma namba isiyoeleweka, yoyote ile, isijifanye inaelewa. Ilie. Akajaribu kwa namba za chini ya sifuri mpaka nikaziba masikio.

Kesho yake mapema tukapanda Kibirichia, yeye akiwa amevaa sweta zote alizonazo. Nilimtolea kile kisanduku kutoka jikoni, akakibadilisha nje bila mama kukitazama. Kisha akaenda kusimama kwenye lango, mama mlangoni pa jikoni, nami nikajiweka katikati, tayari kubeba maneno kama kawaida. Nikangoja nisikie "mwambie mama". Hakusema hivyo. Alinipita kwa macho.

"Mama," akasema, "mashine yangu ilikosea, na aliyeikosesha ni mimi. Ukiona imenyamaza na nyasi zinavunjika, usiisikize. Rudisha beseni."

Mama aligeuza uso kwa haraka akatazama zizi la mbuzi. Nilidhani amechukizwa, nikatamani ardhi inimeze. Kuku akapita kati yetu taratibu kama mgeni aliyealikwa. Mama akamtazama kuku, akatazama mteremko, kwanza kule kweusi, halafu kwa kijani. Kisha akamtazama mume wangu usoni, mara ya kwanza tangu nimlete nyumbani.

"Ulikosea sana, mwanangu," akasema.

Na baada ya hapo hakukuwa na wa kumzuia. Akamwambia kengele yake inalia kama mbuzi mwenye kikohozi. Akamwambia waya ameupitisha mahali kuku anapotagia. Akamwambia anakula kidogo, ati kila tukija anagusagusa chakula kama paka, na mama kila mara hubaki akijiuliza amekosea wapi. Akamwambia ile sukari tunayoleta ina unga mwingi kuliko sukari. Yote hayo alikuwa ameyabeba tangu harusi, na hayakuwa na mlango wa kutokea. Mume wangu alisimama pale anayapokea moja baada ya jingine, amesimama wima katika sweta zake, na nilipomtazama vizuri nikaona anatabasamu. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao sina kazi.

Beseni likarudi nje. Baridi ilikuja tena msimu ule, na kengele ililia mpaka jua likatoka, na mama akaacha maji yaende. Nusu ya juu ilipona. Mavuno yalipokuja hatukula hata kiazi kimoja. Vyote viliteuliwa kuwa mbegu, na mara hii aliyekaa na mama juani kuvigeuzageuza ni mume wangu, kwa sababu alitaka kufundishwa kutambua macho.

Tulipatana upya kuhusu mkaguzi, pia. Namba inayotoka nje, kwenye udongo au hewani au mahali popote ambapo Mungu ndiye anayeamua itakuwa ngapi, ikichanganywa aina ni nyekundu, na hakuna kujadiliana. Namba tunazohesabu wenyewe humu ndani, za wanafunzi na ndoo, zibaki manjano. Kila mmoja anaamini ndiye aliyeshinda. Mzee wa bucha anaamini maini ndiyo yaliyoshinda.

Na siku hizi mama hanipigii mimi. Anampigia yeye. Ananipita kabisa, mimi aliyenizaa mwenyewe, kana kwamba mimi ni waya uliokatika. Simu ikilia asubuhi tukiwa mezani, mume wangu huinuka kabisa, hufuta mdomo, na kuipokea akiwa amesimama. Namsikia mama kutoka upande wa pili wa meza, maana hajui kuongea polepole kwenye simu. Husema, "Mwanangu, umekosea tena," na mume wangu huvuta kalamu, akanigeuzia mgongo ili nisione jinsi alivyofurahi.